Ukielekeza antena ya nje, fuata ubora, si nguvu
Nimeachana na kebo, nikasimamisha antena juu ya bati hapa Mabatini, Mwanza. Aliye juu aizungushe kidogo kidogo, upana wa kidole tu, kisha asubiri sekunde tano hivi. King'amuzi ni kizito kujibu. Aliye sebuleni asome kwenye TV mstari wa ubora wa mawimbi, si wa nguvu. Nguvu hupanda hata kwa mawimbi yaliyogonga majabali yetu haya na kurudi, halafu picha inaganda vilevile. Ukiwa nyuma kabisa ya jabali, kuzungusha ni kujichosha: ongeza urefu wa bomba la antena au hamia upande mwingine wa paa. Na radi za ziwani zikianza kunguruma, chomoa waya wa antena. Nilisahau mara moja tu, king'amuzi kikaungua.