Ukitumiwa "stafeli inaua kansa mara 10,000 kuliko kemo", isome hivi

Hii meseji lazima ushaipata kwenye grupu la familia, na kama sio stafeli basi mlonge, mwarobaini au manjano. Usiifute, na usiisambaze pia, tulia nayo dakika kumi tu.

Anza na namba, tafuta imetoka wapi. Hiyo 10,000 haijatungwa, kuna utafiti wa Marekani wa 1996 ambapo wanakemia walichambua mbegu za stafeli, mbegu jamani, sio majani mnayochemsha, wakapata kemikali kadhaa na moja wakaipima kwa seli za kansa ya utumbo aina ya HT-29, ikaonekana ina nguvu mara 10,000 kushinda doksorubisini, dawa mojawapo ya kemo. Ilipimwa kwenye sahani ya maabara, na hiyo 10,000 ni kwa aina moja ya seli, hakuna mgonjwa aliyepewa. Sasa kwenye sahani hata jiki inaua kansa, tena yote.

Kwahiyo swali la pili, seli zenye afya zilifanywaje? Pepa ya maana inaweka seli za kansa na seli za kawaida, zote zinapewa dozi ileile, alafu unaona nani kafa nani kabaki. Ukikuta wamepima za kansa peke yake, hapo hujajua kama ni dawa au ni sumu. Stafeli ina kemikali inaitwa anonasini, inaziba pale seli inapotengenezea nguvu, na seli za ubongo haziipendi kabisa. Kule visiwa vya Guadeloupe, 1999 watafiti waliripoti wagonjwa wenye tatizo linalofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, na wengi wao walikuwa wanatumia sana matunda na chai ya mimea ya jamii hii.

Dozi nayo. Tafuta kitu kinaitwa IC50, ni kiwango kinachopunguza seli kwa nusu, kikiwa kidogo ndo dawa kali. Kwa dondoo la mmea watu wa maabara wanaanza kusisimka chini ya mikrogramu 20 au 30 kwa mililita. Ukikuta imeandikwa 200 piga hesabu mwenyewe, maji ya mwili wa mtu mzima ni kama lita 40, kwahiyo unataka gramu 8 za dondoo kavu zote ziingie, ini lisiguse hata chembe, alafu zikae humo siku mbili kama zilivyokaa kwenye sahani. Haiwezekani.

Sasa tuje kwenye signali, hapa ndo patamu na ndo wengi wanaruka. Seli inaambiwa "gawanyika" na ujumbe unaopita protini moja hadi nyingine, kila moja ikiwashwa kwa kubandikwa kemikali ya fosfeti, na huo ujumbe ndo signali. Kwenye kansa nyingi kuna protini inagoma kuzima. Ile kansa ya damu, leukemia sugu ya CML, kwa mfano ni protini ya BCR-ABL, na dawa ya imatinibu iliyoruhusiwa Marekani 2001 inaenda kukaa palepale inapochukulia fosfeti, basi imezima.

Mtafiti akisema mmea wake "unakata signali ya AKT", moja ya hizo protini za kupitisha ujumbe, fungua kwenye pepa yake picha ya mistari meusi inayoonyesha kiasi cha protini. Inatakiwa iwepo mistari miwili, AKT yenye fosfeti na AKT yote kwa jumla. Wa fosfeti ukififia na wa jumla ukibaki vilevile, kweli signali imekatwa. Ikififia yote miwili, protini yenyewe ndo imepungua, pengine seli inakufa tu na kila kitu kinaondoka nayo. Angalia na saa, wakipima baada ya saa 48 peke yake mimi siamini sana, signali inakatika ndani ya dakika au masaa machache, hiyo ya siku mbili ni matanga.

Na usidhani mimea haina kitu, maana kuna watu wanakimbilia huko pia. Kemikali ya maitansini ilitolewa kwenye mmea wa Ethiopia 1972, baadae wakaja kuvuna tani na tani za ndugu yake pale Shimba Hills, Kwale, Kenya. Walipowapa wagonjwa ikawa sumu mno, wakaacha. Ikarudi ikiwa imebadilishwa kidogo na kufungwa kwenye kingamwili (protini ya kinga) inayoshika HER2, protini ya signali iliyozidi kwenye baadhi ya saratani za matiti, yaani sumu inapelekwa kwenye seli husika. Ikaruhusiwa 2013. Miaka 41, na hakuna aliyechemsha majani.

Kama mgonjwa wenu kashaanza kunywa, msigombane nae. Chukua mfuko wa majani wenyewe mpeleke kliniki siku ya kemo, mwambie daktari anakunywa kiasi gani na saa ngapi, kwasababu dawa kama imatinibu inavunjwa na ini na kuna mitishamba inalifanya ini liivunje haraka, mgonjwa anameza vidonge kila siku na damuni dawa haitoshi.