Kabla ya Kumtoa Mtoto kwenye Chupa: Mambo ya Kuweka Sawa Nyumbani

Mtoto wa mwaka na miezi mitatu anakunywa uji kwa kikombe bila tabu, na maji anayang'ang'ania kwenye bilauri ya baba yake. Ukimtilia maziwa kwenye kikombe kilekile, anageuza uso. Huyo hana shida ya kunywa. Kwake maziwa ni chupa, na chupa ni kulazwa, kubebwa na kupumbazwa. Kwa hiyo usikimbilie dukani kununua kikombe. Kaa siku mbili tatu utazame tu: chupa anapewa saa ngapi, na nani, kwa sababu gani. Mara nyingi utakuta ya asubuhi ni ya njaa, ya saa tano ni ya kumtuliza ili dada wa kazi apate kufua, ya alasiri ni ya kwenye matatu au foleni ya feri Likoni, na ya usiku ni ya usingizi. Zile za kumtuliza ndizo za kuondoa mwanzo, maana mwenye haja nazo ni sisi wakubwa. Ya usiku iache iwe ya mwisho.

Umri nao uutazame, lakini usikutie hofu. Kikombe kinaweza kuanza mtoto akitimiza miezi sita, pamoja na vyakula vya kwanza, kwa mafunda madogo ya maji au ya maziwa yake ya kawaida. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri chupa iwe imeachwa kati ya miezi 12 na 18. Uingereza wazazi huambiwa wasiiendeleze chupa baada ya mwaka wa kwanza. Hapa kwetu ratiba ya chanjo inasaidia kukumbuka: chanjo ya surua ya miezi tisa iwe ishara kwamba kikombe kiko mezani kila siku, na ile ya miezi 18 ikukute umeshamaliza au unakaribia. Wa miaka miwili na nusu anaachishwa vilevile, ila huyo ana maneno ya kubishana nawe, na kila mwezi unaopita anazidi kuwa hodari wa hoja. Na mtoto anayenyonya mama yake aendelee kunyonya, miaka miwili na hata zaidi. Hapa tunaiondoa chupa, si ziwa la mama.

Kisha kuna watu wa nyumba. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjikia, na ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Mtoto wa Mombasa hashikwi na mtu mmoja. Yuko mama, yuko dada wa kazi, yuko nyanya, yuko shangazi aliyekuja kwa wiki moja na sasa ni mwezi. Mkikataa wanne na mmoja akakubali, mtoto atamjua huyo mmoja kabla ya jua kuchwa. Nyanya hasa ana moyo wa huruma na ana mahali pa kufichia chupa, nyuma ya sufuria kubwa za shughuli ambazo hakuna anayezigusa. Usimvizie wala usimpe amri. Mwendee kabla, mkiwa wawili, umwambie, "Mama, wiki ijayo nataka tumwachishe chupa, na bila wewe siwezi. Akilia mchana, nisaidie kumpa kwa kikombe, umpakate." Mpe kazi, na ikiwezekana iwe kazi ya heshima: yeye ndiye atakayempa kikombe cha kwanza cha asubuhi. Dada naye aambiwe waziwazi kwamba hatagombezwa mtoto akilia, maana hofu hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye chupa saa tano. Yule anayelea watoto mtaani, kama mtoto anashinda kwake, apelekewe kikombe mapema na aelezwe mambo hayohayo.

Sasa kikombe. Kile bora ni kidogo, cha wazi, kisichovunjika, chenye mdomo mpana kiasi kwamba mtoto anaona maziwa yako wapi. Ukitaka kipimo, kitazame kifinjani cha muuza kahawa: ukubwa huo unamtosha mtoto mikono yake miwili. Cha udongo kitavunjika, basi tafuta cha plastiki nene au cha chuma kisichoshika kutu. Kununua viwili vinavyofanana kunakuokoa siku kimoja kitakapoingia chini ya kitanda. Vile vikombe vyenye mdomo wa kunyonyea na kizuizi ndani, visivyomwaga hata ukivigeuza, mimi naviona ni chupa iliyobadilishwa jina. Mtoto bado ananyonya, bado anatembea nacho nyumba nzima, na kile kizuizi kinaficha uchafu wa maziwa. Kama unacho tayari, toa kizuizi ukitumie kwa muda mfupi.

Mrija ni mzuri kuliko hivyo, na kuufundisha ni mchezo. Chovya mrija kwenye maziwa, ziba tundu la juu kwa kidole, uinue, utie ncha mdomoni mwa mtoto kisha uachie kidole. Maziwa yanamshukia kidogo ulimini. Rudia. Muda si muda anafunga midomo na kuvuta mwenyewe, macho yamemtoka kwa mshangao. Jioni mkiwa ufukweni Mama Ngina mnapata dafu, mshikie na yeye avute. Hayo ni mazoezi.

Kwa kikombe cha wazi, tia mafunda mawili tu, si zaidi. Mtoto akae wima, wewe ukae mbele yake, ushike chini ya kikombe huku yeye ameshika pembeni, ukiinamishe mpaka maziwa yaguse mdomo wa juu, halafu usubiri. Usimmiminie. Yeye ndiye atakayevuta. Akikohoa kidogo siku za mwanzo ni kawaida, kwa sababu kikombe kinaleta maziwa kwa kasi kuliko chuchu ya chupa. Atamwaga, hilo ni hakika, kwa hiyo chagua mahali. Mkeka haufai: maziwa yakiingia kwenye ukindu, kwa joto la kwetu, kesho yake chumba kizima kinanuka. Kaeni uwani au kwenye sakafu, leso kuukuu shingoni mwake, kitambaa karibu.

Kiasi cha maziwa ndicho kinachowatia wazazi wasiwasi, nao wasiwasi huo umeelekea upande usio wake. Aliyepita mwaka mmoja anatosheka na kama nusu lita kwa siku, yaani pakiti moja ya kawaida, maziwa yenye mafuta yake. Wengi wanaokunywa kwa chupa wanapita hapo mbali, na hilo ndilo tatizo. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache mno, yanazuia pia chuma cha vyakula vingine kufyonzwa vizuri, na tumbo likijaa maziwa mtoto hali samaki, maharagwe wala mchicha. Hivyo ndivyo upungufu wa damu unavyomwingia mtoto mnene anayeonekana ana afya. Basi maziwa yakipungua wiki ya kwanza ya kikombe, usipige kelele. Tia maziwa kwenye uji, kwenye viazi vilivyopondwa, mpe maziwa lala kwa kijiko. Usiyatie sukari ili yamshawishi, na usimpe chai badala yake, hata ya maziwa mengi, kwani chai nayo inazuia chuma. Aliye chini ya mwaka ni habari tofauti: maziwa ya mama au ya kopo ya watoto wachanga bado ndiyo chakula chake kikuu, na hayo pia yananyweka kwa kikombe.

Mambo ya maji na joto yanakuunga mkono. Kwenye mtaa ambao bomba linatoka kwa zamu na maji yananunuliwa kwa mitungi ya mkokoteni, chupa ni anasa: brashi yake, nyuzi za kifuniko, tundu la chuchu, kuchemsha. Kikombe kinaoshwa kwa sabuni na maji safi, kinakauka, basi. Maziwa ya kupima yachemshe kwanza. Yaliyokaa nje ya friji saa mbili, na kwenye jua kali mapema zaidi, yasirudishwe. Aliyoyabakisha mtoto yamwagwe. Stima ikipotea ovyo kwenu, nunua pakiti ndogo.

Wakati wa kuanza: si wiki mnayohama, si mtoto akiwa na homa au kuharisha, si siku mdogo wake anapozaliwa, si Desemba nyumba ikiwa imejaa wageni kutoka bara. Ramadhani pia iache ipite kama nyumba yenu inakesha mpaka daku, maana usingizi wa mtoto unavurugika pamoja na wenu, na kwenye sikukuu kila nyumba mtakayoingia atapewa kitu kitamu. Joto la kaskazi peke yake halizuii, ilimradi mtoto apewe maji mara kwa mara.

Chupa ya usiku inataka mpango wake. Mtoto anapolala, mate yanapungua mdomoni, na maziwa yaliyobaki kwenye meno ya mbele yanawalisha vijidudu vinavyotengeneza asidi. Kuna meno ya juu yanayoanza na michirizi myeupe karibu na ufizi, kisha yanakuwa ya kahawia, kisha yanavunjika kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Inua mdomo wake wa juu uangalie leo. Kunywa chupa akiwa chali pia kunahusishwa na maambukizi ya masikio. Kwa hiyo panga upya mfuatano wa jioni: chakula, maziwa kwa kikombe akiwa amekaa na taa inawaka, kupigwa mswaki kwa dawa ya floridi ya kiasi cha punje ya mchele, ndipo kitanda. Baada ya mswaki ni maji tu. Akiizoea sana chupa, ipunguze maziwa kidogo kila baada ya siku chache mpaka ibaki kidogo kisichomvutia, au ifanye ya maji matupu. Wengine hukata moja kwa moja na mtoto hulia siku chache. Hilo pia si kosa, ila fanya mwisho wa wiki na muwe wawili wa kupokezana. Badala ya chupa awe na kitu cha kushika: leso ya mama, mgongo kupapaswa, qaswida kwa sauti ya chini.

Siku mliyokubaliana ikifika, chupa zote zitoke ndani ya nyumba, pamoja na ya nyuma ya sufuria.

Kabla ya yote haya, muulize muuguzi wa kliniki kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, ana tatizo la kaakaa au uzito wake unasuasua. Nenda na kitabu chake aone mstari wa uzito. Na katikati ya safari, akikojoa kidogo kuliko kawaida, mdomo ukakauka, akalegea, au akawa anapaliwa kila anapokunywa hata maji, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo.