Jinsi ya kuandika historia ya kijiji cha wakulima: mwongozo kwa vijiji vya Dodoma

Ukiuliza vijiji vingi vya Dodoma vilianza lini, utajibiwa 1971 au 1974. Jibu ni la kweli, ila huo ni umri wa kijiji kwenye karatasi. Operesheni Dodoma, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilianza 1970, kisha Operesheni Vijiji ikaendeshwa nchi nzima kati ya 1973 na 1976. Kabla ya hapo watu walewale waliishi wametawanyika kwenye tembe zao (nyumba za udongo zenye paa bapa), kila kaya na zizi lake na mashamba yake. Kwa hiyo anza na swali hili: kabla ya operesheni mlikuwa mnakaa wapi? Majibu yatawagawa watu makundi matatu: waliokutwa papo hapo, waliosogezwa kutoka mahame (makazi yaliyoachwa) ya jirani, na waliokuja baadaye kutafuta mashamba au malisho. Kila kundi lina historia yake, na hazilingani.

Nenda kati ya Julai na Septemba. Mtama na uwele vimeshavunwa, na maandalizi ya mashamba hayajapamba moto. Ukienda Januari utawakuta kwenye palizi, na mtu aliyetoka palizini hana hamu ya kuhojiwa.

Ruhusa, na hofu ya ardhi

Mtu mgeni mwenye daftari anayeuliza "nani alifika hapa kwanza" hudhaniwa amekuja kupima ardhi. Hofu hiyo ina msingi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na katika mgogoro wa shamba hoja ya "babu yetu ndiye aliyefyeka pori hili" ina uzito. Usipojieleza mapema, wengine watakuongezea chumvi na wengine watanyamaza.

Peleka barua kwa afisa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti: wewe ni nani, unataka kuandika nini, nakala zitabaki kwa nani. Omba jambo hilo litangazwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, siyo kwenye halmashauri peke yake. Siku za kwanza usionekane na futi kamba wala usipige picha za mipaka. Ukifika kwenye mahojiano kuhusu operesheni, mtendaji asiwepo. Kuna watu ambao nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa ili wahame, na hawatayasema hayo mbele ya serikali.

Kalenda ya matukio kabla ya mahojiano

Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe, lakini wanakumbuka vizuri kipi kilitangulia. Chukua kaunta buku, lilaze, chora mstari kurasa mbili, kisha weka matukio ambayo mwaka wake una hakika nao. Kwa Ugogo, nchi ya Wagogo, huwezi kukosa njaa ya Mtunya (1918–1920), iliyokuja baada ya majeshi ya vita vya kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, halafu mvua zikakatika. Endelea na vita vya pili (1939–1945), mradi wa karanga wa Kongwa (1947–1951), uhuru (1961), kufutwa kwa uchifu (1963), noti za Tanzania kuanza kutumika (1966), Azimio la Arusha (1967), operesheni, njaa ya 1974, vita vya Kagera (1978–79), mvua za El Nino (1997–98) na kufutwa kwa kodi ya maendeleo (2003).

Kalenda hiyo hutumika hivi. Bibi anasema kisima kilichimbwa "zamani". Usimuulize mwaka. Muulize: ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa unamnyonyesha nani? Akimtaja mwanawe wa tatu, ulizia huyo alianza lini shule. Tuseme alianza darasa la kwanza mwaka ule watoto wote walipoandikishwa kwa lazima, yaani 1977, akiwa na miaka kati ya 7 na 10. Basi alizaliwa kati ya 1967 na 1970, na kisima ni cha miaka hiyo au mwaka mmoja mbele. Andika "takriban 1967–1971", na uonyeshe ulivyofikia hapo. Ukiandika "1968" tupu, atakayekuja baadaye atadhani umeiona kwenye hati.

Nasaba ni kipimo kibovu zaidi. Kizazi kimoja hukadiriwa miaka 25 hadi 30, lakini kifungua mimba na kitinda mimba wa nyumba moja wanaweza kupishana miaka 20, na mababu wasio na sifa huachwa. Chukua nasaba ya ukoo mmoja kutoka nyumba mbili zisizokaa pamoja. Majina yakianza kufanana na majina ya vilima na mito, acha kuhesabu miaka.

Kuhoji

Kwa kijiji kidogo watu 12 hadi 15 wanatosha, na nusu wawe wanawake. Wanaume watakueleza mipaka, ng'ombe, na waliokwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge au vibarua Kongwa. Wanawake ndio wenye historia ya mbegu, maji na njaa: nani alihifadhi mbegu ya uwele na wapi, mboga gani za porini zilikaushwa, ubuyu ulitiwa kwenye nini. Wengi wao waliolewa kutoka vijiji vingine, kwa hiyo wanaona tofauti ambazo wenyeji hawazioni. Usimsahau mwalimu mstaafu na aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi.

Hoji mmoja mmoja kwanza. Kikao cha wazee wote hutoa simulizi moja iliyosawazishwa, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Kikao kiwe mwisho, kwa ajili ya kubishania mambo ambayo umeona hayapatani. Saa moja na nusu kwa mzee mmoja inatosha; rudi siku nyingine.

Mzee anayesema Kigogo vizuri kuliko Kiswahili mwache aseme Kigogo. Hapa ndipo mambo mengi hupotea: mzee anaongea dakika tatu, mjukuu anatafsiri "anasema walihama tu." Rekodi maneno yote, kisha kaa na mjukuu huyo jioni mrudie sentensi kwa sentensi.

Simu ya kawaida inafaa kurekodi. Iweke hali ya ndege, mbali na upepo na mashine ya kusaga. Anza kwa kutaja jina, kitongoji na tarehe, na mwenyewe aseme kwa sauti kwamba amekubali. MP3 ya kbps 128 hula takriban MB 1 kwa dakika, hivyo saa 15 hazifikishi GB 1. Faili lipe jina linaloeleweka: tarehe, kitongoji, mhojiwa. Nakili sehemu mbili siku hiyohiyo. Kuandika saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita, na hapo ndipo kazi nyingi za namna hii hufia.

Vipimo vya mashamba vina mtego wake. Mtu akisema "tulikuwa tunapata gunia kumi", uliza gunia gani: la kawaida, au la rumbesa lililoshonewa juu? Debe la mahindi huwa kilo 18 hadi 20, na gunia la debe sita karibu kilo 100 au zaidi. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70, na hatua za nani hujui. Andika kipimo kama kilivyotajwa, ukadiriaji wako uuweke pembeni. Kwa kila muongo uliza zao, jina la mbegu, jembe la mkono au plau ya ng'ombe, na aliyenunua.

Kutembea mahame

Omba mzee akupeleke alikokaa kabla ya operesheni. Atakumbuka njiani mambo ambayo hakuyakumbuka kitini. Tembe iliyoachwa huanguka paa lake la udongo na kuacha tuta la chini lenye umbo la mstatili. Zizi la zamani hujulikana kwa udongo wa kijivu wenye samadi, na mazao juu yake huwa ya kijani iliyokolea kuliko ya jirani. Tazama pia ua wa minyaa, vigae vya vyungu, na jiwe la kusagia lililobonyea katikati. Piga picha ukiweka kalamu kando ili ukubwa uonekane, na usihamishe kitu. Usichimbe: kuchimbua mambo ya kale bila kibali ni kosa, na huenda hapo ni makaburini.

Kwenye ramani za 1:50,000 za idara ya upimaji na ramani, tafuta toleo lililochorwa kabla ya operesheni. Majina ya mahame mara nyingi yamo. Linganisha na ulichotembelea.

Karatasi

Ofisi ya kijiji ina mihtasari ya mikutano, ingawa miaka ya mwanzo huwa imeliwa. Shule ina rejista ya uandikishaji yenye jina la mtoto, mzazi na kitongoji. Ukiona darasa zima limezaliwa tarehe moja, ujue mwalimu alikadiria. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia ni bora zaidi kwa tarehe. Chama cha msingi kikiwa na leja za wakulima, zinakuonyesha nani aliuza nini, lakini kumbuka vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, hivyo pengo la hapo si uzembe wa karani. Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, zina vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Visome ukijua aliyeviandika alikuwa anakusanya kodi.

Kuandika na kurudisha

Palipo na simulizi mbili, andika zote mbili, kila moja na mwenyewe. Tuhuma za uchawi na wizi zenye majina ziache nje. Isome rasimu kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kuchapa, kitongoji kwa kitongoji, ukiwa na kalamu; ukabila, mipaka na nani alikuwa chifu wa nani ndipo patakapowaka, kwa hiyo tenga siku nzima.

Chapa nakala tano steshenari ya mjini: ofisi ya kijiji, shule, parokia au msikiti, na mbili kwa wazee waliohojiwa zaidi. Ya ofisini iwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, kwa sababu kabati la mbao lililoegemezwa ukuta wa udongo huliwa na mchwa msimu mmoja.