Umeshtakiwa Tanga kwa deni la miaka mingi? Anzia kwenye tarehe

Usiutupe wito wa mahakama, hata kama deni ulishalisahau. Andika nyuma yake siku ulipoupokea, kisha soma wito huo umetoka mahakama gani. Mahakama ya Mwanzo utajibu kwa mdomo siku iliyotajwa. Mahakama ya Wilaya una siku 21 tu za kupeleka utetezi wa maandishi. Ukinyamaza, kesi husikilizwa upande mmoja, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, yaani sheria ya muda wa mwisho wa kufungua kesi, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, kama deni la mkopo. Hesabu kuanzia siku uliyopaswa kulipa ukashindwa, si siku uliyochukua pesa. Muda ukiwa umepita, weka pingamizi la awali, yaani hoja kwamba kesi imeletwa nje ya muda, pamoja na utetezi. Kesi iliyochelewa hutupwa.

Lakini chunguza kwanza: kabla ya miaka hiyo kwisha, uliwahi kulipa sehemu, au kusaini barua ya kukiri deni? Basi hesabu inaanza upya hapo. Ndiyo maana, ndugu, anayekudai akikubembeleza umtumie “hata elfu kumi tu” kwa simu, usitume kabla hujaonana na wakili au msaidizi wa kisheria.