Kabla hujamkabidhi dalali ufunguo wa nyumba

Hata kabla hujamwita dalali, toa hati kabatini uisome. Jina lililomo ni lako? Kama bado ni la marehemu mzazi, au mnamiliki wawili na mwenzio hajakubali kuuza, malizeni hilo kwanza, maana mnunuzi hasubiri mirathi ya watu. Tafuta na risiti za kodi ya ardhi, barua ya benki ya salio la mkopo kama upo, na kibali cha ujenzi, hasa cha kile chumba ulichoongeza nyuma.

Sasa dalali. Kaa na watatu, si mmoja. Wote waulize swali lilelile: mwaka huu uliopita umeuza nyumba zipi eneo hili, ulizitangaza kwa bei gani, na zikaenda kwa bei gani? Anayejibu kwa mifano, msikilize. Anayekutajia bei ya juu kuliko wenzake bila mfano hata mmoja, huyo anatafuta saini yako. Baada ya miezi miwili atakuomba ushushe, na wakati huo nyumba imeshachuja: watu wakiona tangazo limekaa sana huuliza ina kasoro gani. Muulize pia kama na mnunuzi atakuwa mteja wake. Anayelipwa na pande zote mbili hawezi kukupigania bei.

Halafu mkataba. Hapa usikimbie, maana mimi nilikimbia.

Wangu ulikuwa wa kurasa nne. Dalali, mtu mchangamfu sana, alinifungulia ukurasa wa mwisho, akaweka kidole pale pa saini, nami nikatia. Ikapita miezi 6. Watu walikuja, wakafungua makabati ya jikoni, wakachungulia bafuni, wakaenda zao. Kila mgeni akitoka, dalali alichomoa kidaftari chenye jalada jekundu akaandika jina. Nikasema moyoni, huyu anajua kazi. Mkataba ulipokwisha tukaagana vizuri, nikampata mwingine, akanishauri nipake sebule rangi nyeupe. Wiki ya tatu akaleta mama mmoja na binti yake. Binti akasimama sebuleni akasema, "Mama, hapa si tulishafika? Ukuta ulikuwa wa njano." Tukacheka wote. Nyumba ikauzwa.

Siku chache baadaye ikaja barua ya dalali wa kwanza, anadai kamisheni yake kamili. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo: yeyote aliyeoneshwa nyumba wakati wa mkataba, akiinunua ndani ya miezi 6 baada ya mkataba kwisha, dalali alipwe. Na kwenye kidaftari alikuwemo yule mama, na tarehe yake na saa yake. Nilimpelekea wakili. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Hii saini ni yako?" Nikalipa kamisheni mbili kwa nyumba moja.

Kifungu chenyewe si wizi. Kinamlinda dalali dhidi ya muuzaji na mnunuzi wanaongojea mkataba uishe ili wamruke. Kwa hiyo utakikuta, na kazi yako ni kukibana: kiwe cha siku 60 au 90, dalali akukabidhi orodha ya majina kwa maandishi mkataba unapokwisha, na kife siku utakayosaini na dalali mwingine. Kama kuna ndugu au jirani aliyeshaonesha nia, jina lake litajwe mkatabani kwamba hahusiki. Tena mkataba wa dalali mmoja pekee una sura mbili: upo unaokudai kamisheni hata ukimuuzia binamu yako mwenyewe, na upo unaokuachia uuze mwenyewe bila kumlipa. Zinatofautiana kwa maneno mawili matatu tu. Yatafute.

Nyumba yenyewe haina mengi. Punguza vitu, vyumba vionekane vikubwa. Bomba linalovuja, kitasa kilicholegea, balbu iliyoungua: asubuhi moja inatosha. Harufu ya nyumba yako wewe huisikii tena, mwite mtu wa nje anuse. Jiko jipya usijenge, mara nyingi gharama yake hairudi yote. Na doa la maji ukutani usilifiche kwa rangi. Fundi wa mnunuzi ataligusa kwa ukucha, rangi ibanduke mbele yenu, na kuanzia hapo hata la kweli utakalosema halitaaminiwa. Tafuta maji yanakotokea, mara nyingi ni mfereji wa paa ulioziba au kigae kilichopasuka, tengeneza, liache likauke, ndipo upake. Mnunuzi akiuliza, mwambie.

Siku za wageni, vito, dawa na nyaraka viwe vimefungiwa. Wewe toka, usiwafuate nyuma kama mtembeza watalii. Dalali asiache mtu azunguke peke yake. Funguo ulizompa zihesabu, na siku mkiachana zihesabu tena. Hati halisi haitoki mkononi mwako kwa ajili ya "kuiangalia tu", nakala inatosha. Picha ya muamala kwenye simu si pesa, piga benki mwenyewe uulize. Na yule anayetaka kulipa leoleo bila hata kuchungulia choo, mpe kiti kwanza.