Mtungi huu wa oksijeni utafika Bombo?

Geji ya mtungi inaonyesha presha, haionyeshi dakika. Mgonjwa mwenye mrija kooni akitolewa Pangani kwa rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, dakika ndizo unazotaka, na unazipata kwa kanuni ya Boyle: joto lisipobadilika, presha ya gesi mara ujazo wake haibadiliki.

Angalia shingoni mwa mtungi: ujazo umegongwa kwenye chuma. Mtungi mdogo wa kubebea mara nyingi ni lita 4.7. Soma geji kwa ba, kipimo cha presha. Kama ni ya psi, gawanya kwa 14.5. Toa ba 20 za akiba, zidisha zilizobaki kwa ujazo, kisha gawanya kwa lita unazotoa kila dakika. Geji ikisoma 100: 80 mara 4.7 ni lita 376. Kwa lita 8 kwa dakika, una dakika 47. Usiondoke na oksijeni ya safari tu. Beba mara mbili yake, maana gari likipata pancha mgonjwa haachi kupumua. Mashine ya kupumulia inayosukumwa na oksijeni yenyewe hula zaidi ya kile anachovuta mgonjwa, kwa hiyo hesabu na hiyo.

Joto nalo hudanganya. Mtungi ulioachwa juani msimu wa kaskazi, ukapanda kutoka nyuzi 25 hadi 45, husoma kama 107 badala ya 100. Oksijeni haijaongezeka hata tone. Soma geji mtungi ukiwa kivulini, umepoa.

Kabla ya kupakia, funga flowmita (inayopima lita kwa dakika), fungua vali ya mtungi, kisha uifunge. Tazama mshale dakika moja. Ukishuka, panavuja, na mara nyingi kosa ni la ile washeri ndogo kati ya mtungi na kishikio: imechakaa, haipo, au mtu ameweka mbili. Badilisha. Usizibe kwa plasta wala grisi. Vali ikifunguliwa ghafla, gesi hubanwa mara moja kwenye regyuleta, kifaa cha kupunguza presha, na kupata moto mkali. Hapo mafuta huwaka bila kiberiti. Aliyetoka kujipaka mafuta ya nazi anawe mikono kwa sabuni kwanza, na vali ifunguliwe polepole.

Hesabu hii usiipeleke kwenye mtungi wa naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi. Humo ndani kuna kimiminika, na geji husimama palepale mpaka kimiminika kiishe, ndipo ianguke kwa kasi. Huo hupimwa kwa mizani: toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni, kila kilo inayobaki ni kama lita 540 za gesi. Juu ya nyuzi 36.5 kimiminika hakipo tena, na ndani ya gari lililofungwa vioo mchana wa Tanga, joto hilo hufikiwa bila shida.