Kuisoma barabara ya Lubumbashi hadi Likasi: vichuguu, majani mekundu na vilima visivyoota miti

Kati ya Lubumbashi na Likasi, kwenye eneo la Katanga huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna kama kilomita 120 za lami, na abiria wengi huzimaliza wakiwa usingizini au macho yako kwenye simu. Ukiuliza kuna nini njiani, utajibiwa: "Pori tu." Pori lenyewe ni miombo, msitu wa miti iliyoachana wenye nyasi chini yake, na karibu kila umbo unaloliona pale limeamuliwa na udongo ulio chini yake. Mwongozo huu unamfaa zaidi mwenye gari linaloweza kusimama mara mbili au tatu. Ukiwa kwenye basi bado unaweza kuchagua kiti, kuhesabu vichuguu na kutofautisha mahali pasipo miti.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kulingana na unachokitaka

Hakuna mwezi unaokupa vyote. Mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, kabla mvua haijaanza, miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu, ya rangi ya shaba na ya waridi. Wekundu huo ni rangi inayotangulia kijani kwenye jani changa, na kila mti hukaa nao kwa muda mfupi tu. Desemba hadi Februari ni wakati wa uyoga, unaouzwa kwenye mabeseni kando ya barabara. Mwishoni mwa mvua, Machi na Aprili, maua ya vilima vyenye madini ya shaba huwa hai. Julai na Agosti ndiyo miezi ya hasara: nyasi zinachomwa, moshi unafunika upeo wa macho, na miti mingi imepukutika.

Hatua ya 2: Kiti na saa

Ondoka kabla ya saa 1 asubuhi na uketi upande wa kushoto. Barabara inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka kulia kwako na kuangaza kila unachokitazama kushoto. Alasiri unaporudi, jua liko upande wa pili na mwelekeo wako umegeuka, hivyo kushoto kunabaki kuzuri. Kasoro yake ni malori ya mgodini yanayokuja mbele yako: hupita upande huohuo na kukuziba macho. Vumilia. Upande wa kulia utapata jua la usoni na vumbi la kwenye kioo, na picha zote zitatoka nyeupe.

Hatua ya 3: Vichuguu, jambo kubwa la njia hii

Vilima vya mviringo vilivyotapakaa msituni, vingine vikubwa kuliko nyumba, vimejengwa na mchwa aina ya *Macrotermes falciger*. Kikubwa hufika mita 8 kwenda juu na mita 14 au 15 kwa upana wa chini. Watafiti waliopima kaboni ya vichuguu vya miombo ya huku Katanga walikuta vingine vina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mchwa huhama au hufa, wengine huja, ujenzi unaendelea.

Kwanza hesabu. Kwenye msitu ambao haujaguswa sana kuna vichuguu 3 hadi 5 kwa hekta. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, dakika moja ni kilomita moja. Ukitazama upande mmoja tu, hadi mita 50 kutoka barabarani, umepitia hekta 5: unapaswa kupata vichuguu 15 hadi 25. Anza ukishaziacha nyumba za mwisho za mji. Hesabu ikishuka hadi 5 au 6, tafuta tanuru za matofali, kwa kawaida haziko mbali. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na wafyatuaji wa matofali wanaufuata huohuo.

Halafu simama upime kimoja. Utahitaji kijiti cha mita 1 na jua la chini, karibu saa 2 asubuhi.

Simamisha kijiti wima mahali tambarare, upime kivuli chake. Tuseme ni mita 2, yaani kila kitu sasa hivi kina kivuli mara mbili ya kimo chake. Pima kivuli cha kichuguu kuanzia ukingo wa chini wa kichuguu hadi ncha ya kivuli: tuseme mita 3. Hapa ndipo wengi hukosea. Ncha ya kichuguu iko katikati, haiko ukingoni, kwa hiyo ni lazima uongeze nusu ya upana wa chini. Ukiwa na upana wa mita 14, nusu ni 7. 7 na 3 ni 10. Gawa kwa 2, kimo ni mita 5. Ukisahau hiyo 7 utapata mita 1 na nusu, na macho yako yatakukatalia. Saa 6 mchana njia hii haifanyi kazi kabisa, maana kivuli kinaishia juu ya kichuguu chenyewe.

Ukikuta wafyatuaji wamekikata kichuguu ubavuni, usipite. Salimia kwanza: "Yambo baba, tunaomba kuangalia kidogo." Kwenye ukuta uliokatwa, hasa chini, tafuta vibonge vyeupe: ni chokaa iliyojikusanya ndani kwa muda mrefu, ilhali udongo wa msitu unaozunguka ni mchachu. Ndiyo maana juu ya kichuguu huota miti tofauti na ya jirani, na wakulima hupenda kupanda mahindi hapo.

Msimu wa mvua, angalia pia uyoga *Termitomyces titanicus*, unaotokana na bustani za kuvu ambazo mchwa hulima ndani. Kofia yake hufika kipenyo cha mita 1. Nunua kwa wanaoujua; usichume mwenyewe.

Hatua ya 4: Tofautisha aina tatu za mahali pasipo miti

Ukiona visiki na majivu, pamekatwa kwa ajili ya makala (mkaa) au shamba. Pakiwa bondeni, tambarare, nyasi ndefu bila kisiki, ni mbuga ya maji: mizizi ya miti huzama wakati wa mvua. Pakiwa juu ya kilima au kwenye mteremko, nyasi fupi, mawe, na msitu unakoma ghafla, huenda ni kilima cha shaba: madini yaliyo kwenye udongo ni sumu kwa miti.

Hapo ndipo huota *Haumaniastrum katangense*, mmea mdogo wa maua ya zambarau ambao wanaakiolojia wameutumia kutafuta mahali palipokuwa na tanuru za kale za shaba. Usitegemee ua peke yake. Tafuta pia malakiti, jiwe la kijani. Tazama, uliache pale pale. Kipande cha madini mfukoni kitakuletea maswali kwenye vizuizi. Nawa mikono kabla ya kula.

Hatua ya 5: Mipaka

Usipige picha migodi, peaje (vituo vya kulipia barabara), madaraja wala wanajeshi. Shimo lenye wachimbaji si kivutio, na kuta zake huporomoka. Shinkolobwe, mgodi wa zamani karibu na Likasi, ilitoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya 1945. Ni eneo lililokatazwa, na mtu akijitolea kukupeleka, kataa.

Toka Likasi kabla ya saa 9 alasiri. Lori moja likikwama, foleni hula saa nzima, na gizani utakutana na malori yaliyoegeshwa bila taa.